Ufukwe Wenye Pa Kujisitiri

Jumatatu, 4 Agosti

Mdogo wangu Refa,

Usishtuke kuona barua badala ya simu. Umebadilisha namba na mimi dada yako hukunipa mpya, kwa hiyo nimembana Kipara, dereva wenu wa lori la magodoro, alipoleta mashuka ya nyumba ya wageni nimfulie. Amekubali kuwa tarishi wetu ilimradi nimpigie pasi mashati yake bure. Halafu hata ningekuwa na namba, humu ndani hapazungumziki. Chumba cha Baba na chumba changu cha kufulia vimetengwa na ubao tu, na masikio ya Baba unayajua.

Jambo lenyewe ni hili. Redio imetangaza kwamba barabara ya pwani sasa ni lami mwanzo hadi mwisho. Baba amesikia, na tangu siku hiyo hana jingine. Anataka aipite yote, na kila penye ufukwe mzuri ateremke akanyage mchanga. Unajua alivyokuwa: miaka yote ile ya kutunza uwanja, akipewa likizo anaitumia kumwagilia nyasi zile zile. Hii ndiyo mara ya kwanza namsikia akitaka kitu chake mwenyewe. Kaniambia huku anafunga kamba za viatu, kama mtu anayeomba chumvi. Mama angekuwepo angecheka mpaka alie.

Mimi siwezi kufunga duka. Wewe unapita njia ile kila wiki na magodoro yako, fukwe zote unazijua, na tajiri wako hawezi kukunyima ile pikap kwa siku mbili tatu. Basi mtakwenda wawili. Kazi yako ni kuchagua fukwe, kisha uniandikie nizipitishe.

Sharti langu ni moja na ulishike kabla ya mengine yote: kila mtakaposimama pawe na pa kujisitiri. Mambo ya mchanga mweupe na maji ya bluu, hayo baadaye. Na safari hii usiitangaze kwa watu.

Baba hajambo. Ile oparesheni yake ya mwanzo wa mwaka imepona, kidonda kimefunga.

Dada yako


Jumamosi, 9 Agosti

Dada,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa juu ya godoro la watu, tena la bei mbaya, kwa hiyo usiseme sina maisha mazuri.

Pikap nimeipata. Tajiri ameguna lakini amekubali, maana hakuna mwingine anayepakia kama mimi. Umesema Baba ndiye anataka? Mwenyewe, kwa mdomo wake? Na anajua dereva ni mimi? Nauliza tu.

Sasa fukwe. Ya kwanza ni ile inayopakana na soko la samaki, mara tu ukiuacha mji. Mchanga wake ni mgumu, mzee anatembea bila kuzama, na kuna mawe bapa ya kukalia. Ya pili naipenda mwenyewe: unapita daraja, unakata kulia kwenye minazi, unakuta maji yamejikunja mpaka yametulia kabisa. Ya tatu ni ule ufukwe mkubwa wa mjini, wenye viti na miavuli na wauza aiskrimu, ila huo nimeutaja kwa kuwa upo njiani tu. Nadhani utaukataa, na mimi nitashukuru. Watu ni wengi mno pale, na timu yetu hufanya mazoezi mchangani Jumamosi asubuhi, washabiki wanajaa kuitazama.

Baba bado anakwenda uwanjani jioni? Yule jirani wetu mwenye duka la vioo nilikutana naye kituo cha mafuta, akaniambia hajamwona Baba pale muda mrefu. Nikamwambia labda ni miguu.

Mdogo wako,
Refa


Alhamisi, 14 Agosti

Refa,

Marahaba. Anajua dereva ni wewe. Alisema tu, “Basi sawa.” Unamjua, “basi sawa” yake ni hotuba.

Ufukwe wa soko la samaki nimeukataa. Nimeulizia kwa wateja wangu: pa kujisitiri ni mpaka uvuke barabara upite katikati ya wauza samaki wote, kila mtu anakutazama. Baba hawezi. Huo wa minazi nieleze vizuri, umesifia maji tu, hukusema kama kuna mahali. Na ule mkubwa wa mjini sitaki hata kuusikia. Watu wote wale! Nilikwambia nini mimi?

Mambo mengine ya kuzingatia. Baba atakaa nyuma peke yake, si mbele na wewe. Najua pikap yenu ina kiti cha nyuma. Muondoke alfajiri kabla mtaa haujaamka, ili msikutane na watu mlangoni. Njiani usimsimamishe kwa marafiki zako wala usimshushe kusalimia mtu yeyote. Akisema turudi, mnarudi, usimuulize kwa nini.

Kuhusu uwanjani, ni kweli haendi tena. Tangu mwezi wa tano hajakanyaga. Naomba usinichimbe kwa hilo, wala usimuulize yeye. Ni mambo yake na nimeahidi kunyamaza.

Dada


Jumapili, 17 Agosti

Dada,

Nimekuelewa. Mwezi wa tano ndio mwezi wa ile mechi, sihitaji kuchimba.

Huo wa minazi siku hizi wameweka bembea na watoto wanajaa, kwa hiyo tuuache. Nimepata mwingine. Kuna machimbo ya mawe yaliyofungwa, lami imepita juu yake. Ukishuka kwa njia ya malori ya zamani unatokea kwenye kaufukwe kadogo, kuta za mawe huku na huku. Hapana nyumba, hapana kibanda, hapana mtu. Nilikaa pale saa nzima nikala mkate wangu, sikuona hata mbwa. Tukiwa pale hakuna kiumbe atakayejua Baba yuko na nani.

Nitavaa kofia pia, ile yenye ukingo mrefu. Na siku hizi nimefuga ndevu, wengi hawanitambui mpaka nizungumze. Njiani sitazungumza.

Refa


Jumatano, 20 Agosti

Refa we!

Umekuwaje? Machimbo ya mawe? Hapo hapafai hata kidogo! Hakuna hata pa kujisitiri! Nimekuomba kitu kimoja tu, kimoja, na wewe kila barua unaniletea pabaya kuliko pa mwanzo. Unataka Baba aaibike? Au unaniandikia huku unasinzia?

Fikiri vizuri. Nina mashuka ya watu yamelundikana mpaka dirishani na sina muda wa kukubembeleza. Na hiyo kofia ya nini? Kuna jua gani alfajiri?

Dada


Ijumaa, 22 Agosti

Dada,

Barua hii ni ya mwisho kuhusu safari. Mtafutieni Baba dereva mwingine. Pikap nitaitoa, mafuta nitajaza, ufunguo nitampa Kipara.

Nimekuletea shimo katikati ya mawe, mahali ambapo hata ndege hawatui, na bado unaniambia Baba hawezi kujisitiri pale. Nimpeleke wapi zaidi? Nichimbe handaki? Kama Baba anaona aibu kuonekana na mimi, ungesema kwa herufi kubwa barua ya kwanza. Ningeumia mara moja nikamaliza. Wewe umenikata vipande vipande. Akae nyuma, asikae na mimi. Tuondoke kabla mtaa haujaamka. Nisimshushe kwa watu. Nisitangaze. Hata mwizi husindikizwa kwa heshima kuliko hiyo.

Hujaniuliza hata siku moja kuhusu ile mechi, na mimi nilidhani ni huruma yako. Acha nikwambie sasa. Mpira ulipita nje ya mlingoti, ukaingia kwa pembeni kwenye tundu la wavu, ukatulia ndani kama goli halali. Nilikuwa mbali. Mshika kibendera wangu aliganda. Nilikuwa na shaka, Dada, kama ya kufumba jicho, na ile shaka nikawapa wapinzani, ili pasiwe na mtu wa kusema nampendelea Baba na mji wetu. Nikapuliza filimbi, nikaelekeza katikati. Timu ya Baba ikashuka daraja kwa filimbi yangu, na uwanja ni ule ule aliounyoa kwa mikono yake kabla hata mimi sijazaliwa. Video uliiona. Kila mtu aliiona.

Siku hizi jina langu si Refa tena, ni Tundu. Nikishusha godoro kwenye nyumba ya watu, watoto wanachungulia, “Tundu huyo!” Juzi mteja mmoja alilikagua godoro lake pande zote mbele yangu akasema asije akakuta limetoboka. Nikacheka naye, maana nisipocheka nitafanya nini? Halafu nikaingia kwenye gari nikashindwa kuwasha.

Yote hayo nayabeba. Lililonishinda ni jirani kuniambia Baba hakanyagi tena uwanjani. Mtu aliyekuwa anakwenda hata siku isiyo na mechi, kung'oa magugu tu! Nimemfukuza baba yangu kwenye nyumba yake. Najua. Hamkuwa na haja ya kunizungusha fukwe zote hizi ili mniambie.

Refa


Jumamosi, 23 Agosti

Mdogo wangu, mdogo wangu, mdogo wangu,

Kipara yupo hapa anangoja, injini inaunguruma, nimemwambia azime. Naandika juu ya meza ya kupigia pasi.

Choo. Kujisitiri ni choo! C-h-o-o! Hivi umesahau Mama alivyokuwa anatupiga kofi la mdomo tukilitaja hilo neno mezani? “Semeni mnakwenda kujisitiri.” Mimi mpaka leo na ndevu zinataka kuniota siwezi kuliandika kwenye barua, wewe mtoto wa kiume umekwenda kuishi huko umesahau lugha ya nyumbani. Ee Mungu wangu. Machimbo ya mawe! Nimecheka peke yangu kama mwehu, kisha nimelia, na mteja aliyekuja kuchukua suti ya harusi amerudi nyuma taratibu.

Sasa nisikilize. Nilimwapia Baba kwamba sitamwambia mtu, wewe hasa. Navunja kiapo, na ubaya wake uwe juu yangu.

Baba hawezi kuzuia mkojo. Tangu oparesheni. Daktari alisema itakuwa wiki chache, wiki zikawa miezi. Akicheka, akiinuka kwenye kiti, akipiga chafya, unatoka. Anavaa nepi za watu wazima, nazinunua upande wa pili wa mji ili muuzaji asinijue. Mashuka yake nayafulia dukani, nayapachika kitambulisho cha mteja ambaye hayupo, maana wasichana wangu wawili wa kazi wana midomo. Baba mwenyewe ananiletea yakiwa yamekunjwa vizuri, mraba kabisa, anayaweka mlangoni bila kuniangalia, anakwenda. Hatujawahi kulizungumza. Ninafua suruali ya baba yangu na tunaambiana habari za mvua.

Nikwambie na la kwangu. Mwezi wa sita nilikunja pua. Sikukusudia, chumba kilikuwa na joto. Akaniona. Tangu siku hiyo anaoga kabla ya kuja kula. Kila nikisikia maji yanamwagika bafuni natamani ardhi inimeze.

Uwanjani haendi kwa sababu choo cha uwanja kipo mkabala na jukwaa kuu, na ili ukifikie lazima ukatize mbele ya watu wote. Alijaribu mara moja. Akarudi na koti amejifunga kiunoni, siku ya jua kali. Hiyo ilikuwa kabla ya mechi yako, Refa, wiki nzima kabla. Mechi yenyewe aliisikiliza redioni hapa dukani, amekaa juu ya kapu la nguo. Walipokutaja jina na mtangazaji akaanza kukutukana, aliinuka kwa ghadhabu azime redio. Na kuinuka kule, unajua tena. Akakimbilia chumbani. Nami nikadhani kakimbia aibu yako, nikakuhurumia mwenyewe kimoyomoyo, mpaka nilipokuta mashuka mlangoni.

Akae nyuma ili asikulowanishie kiti ukaona. Muondoke alfajiri ili asinywe chai ya majirani wanaojua kubembeleza. Hayo ndiyo yote. Hakuna lingine lolote.

Chukua tena ufunguo wako kwa Kipara.

Dada yako


Jumatatu, 1 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa kuwa nilikuwa natafuta uso wa kukuandikia.

Nilisoma barua yako nikalitoa gari barabarani nikasimama. Miezi yote hii nilikuwa nimejikalia kitako katikati ya dunia, kila mtu akikohoa najua ananikohoa mimi. Baba amelowa, mimi nadhani nimemlowesha mimi. Yaani hata ugonjwa wa mzee wangu niliufanya uwe habari yangu. Nimeona aibu ambayo ile video haikunipa.

Siku nilizopewa mapumziko nimezimaliza barabarani. Nimekagua, Dada, kama tulivyokuwa tunakagua uwanja kabla ya mechi. Ule wa minazi una choo cha shimo nyuma ya bembea, mlango umeng'oka bawaba, nimeupigilia misumari lakini watoto watauangusha tena kesho. Pale kwenye daraja la pili kuna choo kizuri ila mlinzi anakaa na ufunguo na anataka umweleze unakwenda kufanya nini humo, mzee kama Baba akiulizwa hivyo ataghairi arudi nyumbani. Nilimwambia mlinzi yule maneno ambayo hayaandikiki. Kuna ufukwe wa mikoko ambao ni mzuri kupita yote, maji ya kimya, kivuli, na hakuna kitu. Nilikaa pale nikasikitika. Huo wa soko la samaki ulishaukataa, na ulikuwa sahihi.

Unajua palipo safi? Ule mkubwa wa mjini. Vyoo vipo mwanzo wa mchanga, karibu na maegesho, vingi, milango inafungwa kwa ndani, maji yapo, kuna ndoano ya kutundikia begi na benchi ndani ya kubadilishia nguo. Mama mmoja anavisafisha mchana kutwa wala hamwangalii mtu usoni. Niliingia, nikafunga, nikakaa humo kujaribu. Nilitoka bila mtu kuniuliza lolote.

Ndio huo huo wenye washabiki. Siku ya tajiri kunipa gari ni Jumamosi, nimembembeleza abadilishe amekataa. Basi watanitukana. Wacha wanitukane, Baba atakuwa na mlango wa kufunga.

Nimenunua shuka la mpira la kufunika kiti cha mbele, kisha nikatandika taulo juu yake. Atakaa mbele na mimi. Mwambie, au usimwambie, sijui. Wewe ndiye unayejua kuzungumza naye.

Refa


Alhamisi, 4 Septemba

Refa,

Nimemwambia. Amekaa siku nzima bila kula, mgongo kwangu. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Usiku sikulala, nilijiona nimemvua nguo baba yangu barabarani.

Leo asubuhi kaja dukani mbele ya wasichana wangu wote wawili akaniuliza, “Anajua?” Nikasema anajua. “Alisemaje?” Nikasema amekwenda kupigilia misumari mlango wa choo cha watu. Wasichana wamekodoa macho hawaelewi kitu. Akasema, “Mjinga yule,” akachukua suruali mbili kwenye kamba akaenda kuzikunja.

Njoo Jumamosi. Njoo hata kama mtaa umeamka.

Dada


Jumapili, 7 Septemba

Binti yangu,

Nakuandikia kwenye nyumba ya wageni, ndugu yako bado amelala, anakoroma. Kipara tumekutana naye hapa analeta magodoro, nitampa.

Mimi si mtu wa barua. Nitasema kama ninavyoweza.

Safari ni nzuri. Lami ni nzuri. Tulisimama kwanza penye mikoko kwa muda mfupi, kwa sababu mwenyewe alitaka nipaone, tukaondoka kabla haijawa tabu. Hatukuzungumza sana. Mara moja nikamwambia anashika usukani kama anakamua ng'ombe. Akacheka. Nikacheka na mimi, ukatoka, taulo likafanya kazi yake. Akaongeza sauti ya redio. Nikatazama dirishani mpaka tulipofika.

Ule ufukwe mkubwa nilikwenda chooni kwanza. Ni kama alivyokwambia. Nikabadilisha, nikatoka nimekauka, nikajiona kijana. Tukakaa kwenye viti vya kukodi. Timu ilikuwa inakimbia mchangani, wachezaji siwajui hata mmoja, wadogo wadogo. Nyasi nisizozikanyaga tangu mwezi wa tano wao ndio wanazichafua.

Basi wakamtambua. Kofia haikusaidia. Kijana mmoja akapaza sauti, “Tundu! Umekuja kutoboa na bahari?” Wakacheka wote wale, na wengine wakasogea na simu zao. Refa akainamisha kichwa, akawa anachora mchanga kwa kidole. Akaniambia, “Baba, twende zetu.” Sijawahi kumwona mwanangu anaomba kitu kwa sauti ile, hata alipokuwa mdogo.

Mimi nikapandwa na hasira. Ule uwanja wanaouringia niliupanda jani kwa jani, mimi. Nikasema nitawaonyesha. Nikainuka ghafla, nikanyoosha kidole, nikafungua mdomo kuwaambia huyu ni mtoto wangu. Ukatoka wote. Si matone, binti yangu. Wote. Suruali ile ya kijivu, unajua inavyoonyesha. Mpaka kwenye viatu. Mdomo wangu uko wazi na hakuna neno, na watu wananitazama usoni bado, walikuwa hawajashusha macho, lakini wangeshusha.

Ndugu yako aliona. Alinishika mkono, akanivuta, si kuelekea chooni, choo kilikuwa nyuma ya watu wote wale. Akanivuta kwenda majini. Viatu miguuni, saa mkononi, simu mfukoni, tukaingia. Wale vijana wakapiga kelele kwa furaha, wakadhani Tundu amekimbilia baharini kwa kuwaogopa. Walipiga picha. Akawaacha wapige. Maji yalipofika kifuani akanigeukia, akasema, “Umemaliza, Baba?” Nikasema nimemaliza.

Tulikaa humo mpaka vidole vikakunjamana. Nilimwambia nilichotaka kuwaambia wale, nikamwambia yeye mwenyewe. Alilia. Usimwambie nimekuandikia hilo. Na wewe, siku ile ya mwezi wa sita, niliona ulivyojilaumu kuliko nilivyoona pua yako. Mashuka nitakuwa naleta ndani, sitayaweka tena mlangoni.

Sikudanganyi kwamba aibu imekwisha. Nimeamka nayo leo. Lakini jana tulitoka majini mimi na Refa tumelowa kuanzia kichwani, tukapita katikati yao wote tukielekea kwenye gari, na hapakuwa na mtu pale aliyeweza kusema nani kati yetu alianza kulowa.

Baba yako